Kompyuta Haina Shemeji

Basi la mwisho lilikuwa limeshaanza kutoka kituoni, na fundi cherehani alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, akimsihi kondakta avute subira nauli iingie kwenye simu. Baba yake alikuwa anapasuliwa moyo kesho yake asubuhi, naye alitaka kumwona kabla hajapewa dawa ya usingizi.

Nauli ilikuwa inatoka kwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtani asiyechoka. Kwenye sehemu ya sababu aliandika: “Pesa za kumkomboa mateka. Mwachieni, anakula sana.”

Simu ikalia. Ujumbe: muamala umezuiwa na mfumo, akaunti zote mbili zinachunguzwa. Akampigia.

“Shemeji, umeandika nini tena?”

“Si utani tu! Kwani hiyo kompyuta haina shemeji?”

“Iulize mwenyewe. Mimi nashushwa huku.”

Kondakta alimshusha bila matusi, begi likitangulia.

Akaunti zilifunguliwa wiki ya tatu. Baba alipona, akaishi miaka minne, na hakuacha kumuuliza binti yake fundi alikuwa wapi siku ile. Shemeji bado anatuma pesa. Kwenye sababu anaandika “matumizi”, basi.