Kengele ya Mlango wa Nyuma

"Nimelipa."

"Hujalipa."

"Nimelipa, Mama Pazia. Jana, saa tano na nusu asubuhi, nimesimama kwenye geti la kliniki, kwa kidole hiki hapa."

"Basi kidole chako kimelipa ndotoni, jirani. Huku kwangu kumeandikwa haijalipwa, tena kwa wekundu."

Katika jengo lile ugomvi haukuhitaji kadi ya mwaliko. Kabla Nesi wa ghorofa ya pili hajashusha kidole chake, milango ya ghorofa zote nne ilikuwa imeshafunguka nusunusu, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alitoka na ufagio akaanza kufagia ngazi aliyoifagia asubuhi ileile. Mwingine alikumbuka kumwagilia ua lake la mlangoni, na ua lenyewe ni la plastiki.

Vidole alikuwa ghorofa ya tatu, ameegemea ukingo wa ngazi, kikombe cha chai mkononi, akichungulia chini kama wenzake. Jina hilo walimpa majirani, kwa sababu mlio wa vidole vyake kwenye kompyuta ulipenya ukutani kutwa nzima kama manyunyu juu ya bati. Zamani alitengeneza simu zilizopasuka, kwenye kibanda kisichozidi kabati la nguo. Akajifundisha kutengeneza tovuti, kidogo kwa kusoma na kidogo kwa ubishi, na miezi mitatu iliyopita akapata kazi yake ya kwanza ya maana. Ilikuwa duka la mtandaoni la Mama Pazia, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mwanamke ambaye futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata siku ya msiba.

Duka lilipendeza. Mama Pazia alilisifu mpaka sokoni, na Jumatatu alikuwa ampeleke Vidole kwa wenye maduka wa mtaa mzima, watu thelathini, ambao kila mmoja alitaka lake. Kodi ya mwaka, Vidole alishapiga hesabu. Na meza mpya. Na kiti kisicholia.

"Jora la rangi ya biringani lilibaki moja tu," Mama Pazia alikuwa akisema, sauti yake sasa inafika darini. "Duka likakusubiri saa nzima. Halikuona kitu, likaiachia oda yako. Alasiri akaja mtu, akalichukua jora lote. Ulitaka nimwambie nini, asubiri ndoto zako?"

"Na mimi kesho nina mama mkwe. Unakumbuka alivyosema mwaka jana? Kwamba sebule yangu ni kama kabati la vioo, nikinywa chai mtaa mzima unajua nimetia vijiko vingapi."

Juu, mtu alicheka, akakigeuza kile kicheko kuwa kikohozi.

"Haya," alisema Nesi. "Nirudishie pasi yangu."

Ufagio ulisimama. Ile pasi ya nguo ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya nyumba mbili zile kwa miaka tisa, na hakuna aliyekumbuka tena ilianza kuwa ya nani. Mtu akidai pasi, hataki pasi.

"Tazama," Nesi alimtolea simu. "Ujumbe wa benki huu hapa, pesa imetoka. Niliingia, nikaweka namba yangu ya siri, nikakubali, benki ikasema imefanikiwa. Nikafunga simu nikaingia zamu, maana wagonjwa walikuwa foleni."

"Ukafunga?" aliuliza Mama Pazia. "Hukurudi dukani?"

"Nirudi dukani kufanya nini? Mtu ukishalipa, si unaondoka?"

Chai ilimpalia Vidole.

Njia aliyoitengeneza ilikuwa hivi. Mteja akishachagua pazia, anabonyeza Lipa kwa Benki. Duka linamshika mkono, linampeleka mpaka kwenye ukurasa wa benki yake mwenyewe. Huko anaingia, anaona kiasi, anakubali. Kisha benki inamrudisha dukani, na ni pale tu, akishakanyaga tena kizingiti, ndipo neno haijalipwa linapogeuka kijani. Vidole aliijaribu njia hiyo mara hamsini na mbili kabla ya kufungua duka. Mara zote hamsini na mbili mteja alikuwa yeye mwenyewe, na kwa kuwa alitaka kukiona hicho kijani, kila mara alirudi. Haikumpitia akilini kwamba duniani kuna watu wanaolipa na kwenda zao.

Mwongozo wa benki ulimwambia. Usimtegemee mteja kurudi, ulisema. Benki itatuma taarifa yake yenyewe moja kwa moja dukani, ipokee hiyo. Aliusoma, akaandika kwenye kikaratasi cha njano: taarifa ya benki, baadaye. Akakibandika pembeni ya kioo cha kompyuta. Kilikuwa bado kipo. Gundi yake ilikauka zamani. Kilishikiliwa na vumbi na mazoea.

"Basi itakuwa benki," alisema mwenye ufagio, ambaye sasa alishasahau kufagia. "Benki hizi, pesa zinaingia mbio, zinatoka kwa magongo."

"Ni benki," Mama Pazia alidakia, na mtu angesikia alivyopumua. Benki haikai jengo lile. Benki haiazimi pasi. Akainua uso. "Vidole, mdogo wangu, si wewe ulitengeneza mtambo wetu? Waambie. Si benki hiyo?"

Nyuso zote zikageuka juu. Neno moja tu, na lilikuwa limeshatafunwa, yeye alitakiwa kulimeza. Nesi angeilaani benki, Mama Pazia angeilaani benki, Jumatatu wangekwenda kwa wale watu thelathini, na yeye jioni hii angekirekebisha kile kitu kimyakimya bila mtu kujua. Alitazama ndani ya kikombe. Huko chini kulikuwa na majani mawili ya chai, yamelala kama waliosikia.

"Si benki," alisema. "Ni mimi."

Alishuka huku akieleza, maana akisimama angenyamaza. Ghorofa ya pili alieleza habari ya kurudi. Ghorofa ya kwanza alieleza kikaratasi cha njano. Alipofika chini alisimama, ameshika kile kikombe kwa mikono miwili.

"Sijaelewa hata neno," alisema Nesi.

Vidole alitazama huku na huku. Mlango wa karakana ya Mama Pazia ulikuwa wazi, na juu yake ilining'inia ile kengele ndogo ya shaba inayolia mteja akipita. Nyuma ya cherehani kulikuwa na mlango mwingine, wa kutokea uani kwenye kamba za nguo.

"Mama, wateja wako si hutokea wakati mwingine kwa mlango ule wa uani?"

"Kila siku. Nageuka kutafuta pini, mtu hayupo. Ndiyo maana nikaweka kengele ya pili."

"Hapo. Duka lako la kwenye simu mimi nililiwekea kengele mlango wa mbele tu. Dada Nesi alilipa, akatokea uani. Haikulia."

Mama Pazia alishika ncha mbili za futi yake, akazilinganisha, akazilinganisha tena. Ngazi nzima ilisubiri. Mwenye ua la plastiki alikuwa ameshamwaga chupa yote.

"Mimi nilipoanza kazi," alisema mwishowe, "nilimshonea bwana harusi suruali. Kitambaa cha bei, mshono umenyooka, nimepiga pasi mpaka inakata. Akaja kuivaa saa mbili kabla ya ndoa. Miguu yote miwili ilikuwa ya kushoto."

"Uongo," alisema Nesi.

"Alioa hivyohivyo. Picha zote amekaa."

Nesi alijaribu kubaki na hasira yake, lakini hasira ni kama mtoto aliyeshiba, haikai mkononi. Alianza kucheka puani, kisha begani, kisha akakaa kabisa kwenye ngazi. "Kwa hiyo mimi sikulipa ndotoni."

"Ulilipa, jirani. Unisamehe. Nilikusema vibaya mbele ya watu."

"Watu gani? Mimi naona mafagio tu."

Milango miwili ilifungwa taratibu.

"Na wewe," Mama Pazia alimgeukia Vidole, "kailete hiyo kompyuta. Utaitengeneza hapa mezani kwangu, nikikuona."

Wakaondoa vipande vya vitambaa kwenye meza ya kukatia, wakambakizia pembe moja. Vidole alianza. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, na hilo ndilo lililomchoma: mistari arobaini hivi, mlango mdogo wa duka ambao benki peke yake ingeubisha, pamoja na ukaguzi wa muhuri ili asije tapeli akajifanya benki. Cherehani ilinguruma upande wa pili wa meza, na kila iliponyamaza aliulizwa umefika wapi.

Kwanza alitafuta kama kuna wengine waliotokea uani. Alimpata mmoja, mzee aliyelipia pazia la bafuni wiki mbili zilizopita. Mama Pazia alimpigia simu na radhi kumi mdomoni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hana haraka, alidhani pazia zuri huchukua muda.

"Sasa nahitaji mtu asiyerudi," alisema Vidole. Akampa Nesi simu iliyofunguliwa ukurasa wa majaribio wa benki, wenye pesa za bandia. "Dada, nunua chochote. Ukimaliza, fanya kama jana."

Nesi alinunua mapazia kumi na sita, kwa kuwa pesa haikuwa yake. Akakubali. Akafunga ukurasa, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, akakunja mikono. Wote watatu wakatazama kompyuta.

Haijalipwa.

Haijalipwa.

"Labda inaona aibu," alisema Nesi.

Vidole alisogelea kioo. Benki ilikuwa imekuja, aliziona nyayo zake: imebisha mara tatu, kwenye anwani ambayo yeye aliiandika ikapungukiwa herufi moja. Aliirekebisha. "Tena, dada."

Safari hii Nesi alinunua mapazia thelathini. Akafunga, akainuka kabisa, akatoka kwa mlango wa uani ili jambo lifanyike kwa haki. Kengele ya shaba ya nyuma ikalia. Na kabla haijatulia, wekundu kwenye kioo ukageuka kijani, peke yake, bila mtu yeyote kurudi.

Mama Pazia alikitazama kile kijani kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua pindo. "Jumatatu nitakwenda kwa wale watu thelathini," alisema. "Nitawaambia huyu ameshaliharibu duka langu."

Vidole aliitikia kwa kichwa. Alilitarajia hilo.

"Nitawaambia sasa anajua panapoharibika. Yenu atayaanzia hapo. Saa tatu uwe umeshavaa, sipendi kusubiri mtu."

Vidole alianza kukunja waya wa kompyuta, akaukunja vibaya, akaukunjua.

Lakini jora lilikwishakwenda, na mama mkwe alikuwa njiani. Nesi aliporudi kutoka uani alimkuta Mama Pazia amepanda kiti nyumbani kwake, chumba cha pili kutoka karakana, akichomoa ndoano za mapazia yake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Yalikuwa ya rangi ya biringani. Aliyakata kutoka jora lilelile, mwezi ulipoanza.

"Hapana, jirani. Na wewe?"

"Mimi mtaa mzima unanijua vijiko vyangu. Shika huku. Dirisha lako ni fupi, nipandishe pindo."

Saa kumi na moja walikuwa ghorofa ya pili, kwa Nesi, wote. Mama Pazia alikuwa juu ya kiti, Nesi akiushikilia mti wa pazia, Vidole akiwapokeza ndoano na kuambiwa kila mara kwamba ametoa isiyo yake. Jikoni sufuria ilikuwa ikitetema na harufu ya kitunguu ikifika mpaka kwenye ngazi. Pazia lilipoteremka, jua la jioni lililipenya na sebule yote ikawa na rangi ya tunda lililoiva. Nesi alizunguka chumba chake kama mgeni. Alikaa kwenye kiti cha mama mkwe, akajaribu kuona ubaya, hakuona.

Vidole alichukua kompyuta yake na waya wake. Wale wawili walikuwa wameshaanza kubishana, taratibu na kwa raha, kuhusu nani alale na pasi usiku huo. Miaka miwili alikaa jengo lile, na alijua saa ya mtu kuondoka bila kumsumbua yeyote. Alipita kando ya jiko, akausukuma mlango wa nyuma unaotokea ngazi za nje, mguu mmoja ukiwa tayari uko kwenye kidato.

"Huyo nani anatoka?" Nesi aliita kutoka sebuleni.

Nyayo zikaja mpaka jikoni. Nesi alisimama na sahani tatu kifuani, futi ya Mama Pazia sasa ikiwa shingoni mwake yeye.

"Vidole. Viatu vyako viko mlango wa mbele, unakwenda wapi pekupeku? Rudi ukae, mwenzio ameshaanza kupakua."

Mfukoni mwa Mama Pazia simu ililia mara moja, oda mpya, na hakuna aliyeinuka kuitazama. Upepo ulilijaza pazia, ukaliachia. Vidole aliurudisha mguu ndani, akautafuta mlango kwa mgongo, akaufunga.