Kucha ya Kidole Kisichokuwapo

Fundi seremala yule hakuwa na mke, alikwishamzika. Hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na mtu wa kugombana naye jioni, wala hakuwa na kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kidole kilichukuliwa na msumeno wa umeme siku mdogo wake alipouwasha kabla ya kuambiwa. Mdogo mtu akahama mji kwa aibu. Kila alipobembelezwa arudi alijibu lile lile: "Kaka, nitarudi siku kidole chako kikiota."

Alichobaki nacho mzee ni unadhifu. Kila mwezi alikwenda saluni ya jirani kutengenezwa kucha, akiketi katikati ya akina mama bila kuona haya.

Safari hii alimkuta dada mgeni, aliyeshika nafasi ya mwenzake aliyejifungua. Macho yake yalikuwa kwenye luninga, mikono ikifanya kazi yenyewe.

"Babu, unajipamba hivi unamwendea nani?"

"Kaburi, mwanangu. Likinipokea linikute nadhifu."

Wanawake wakacheka chini ya mashine za kukaushia nywele.

Dada alimlowesha vidole katika bakuli la maji ya uvuguvugu, akavifuta, akaanza na mkono wa kushoto. Gumba, cha shahada, cha kati. Kisha tupa yake ndogo ikaendelea kusugua, kwaru, kwaru, mahali pasipo na kitu. Mzee alidhani anataniwa. Lakini ubaridi wa ile tupa aliusikia, na aliusikia kuchani.

"Hiki nacho mbona umekitupa, babu?" alisema dada, macho bado kwenye luninga. "Wenzake wote wako sawa, chenyewe kina kucha ya mchawi. Tulia, usitikisike."

Akachukua mkasi. Kitu kikakatika, tak.

Mwanamke wa kiti cha pili aliacha kucheka. Ndipo dada aliposhusha macho, akaona kovu na pengo, akauachia ule mkono kama aliyeshika kaa la moto. Juu ya taulo jeupe kulikuwa na kipande cha kucha kilichopinda. Chini ya ukingo wake kulikuwa na unga wa mbao, mbichi, bado unanukia. Mzee hakuwa amegusa mbao tangu alipostaafu.

"Nikitupe?" aliuliza dada.

"Nipe. Ni changu."

Nyumbani alikaa mezani, akaikandamiza karatasi kwa mkono wa kushoto isiteleze. Akaandika: "Mdogo wangu, kimeota. Ushahidi huu hapa. Sasa njoo, mimi nimezeeka."

Alipouinua mkono, karatasi ilikuwa imebonyea kidogo pale penye pengo.

Hakuitazama mara ya pili. Aliikunja, akaitia pamoja na kile kipande ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaifunga, akaikandamiza kwa vidole vyake vyote. Kisha akavaa koti, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta.