Bomba la Akiba

Mama mwenye binti anayejua kutengeneza vitu, soma hii. Mimi shule niliishia darasa la saba, sitazunguka sana. Nataka ujue yaliyompata Anitha wangu, ili siku wa kwako akija na koleo begani na kusema amepata njia ya kuwasaidia watu, ujue la kumjibu.

Sisi ni watu wa Kibosho. Marehemu mume wangu, Apolinari, alikuja Oldeani kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, baadaye tukapata ekari yetu chini kidogo, njia ya kwenda Karatu, katikati ya Wairaqw. Tumeishi nao vizuri. Apolinari alipofariki walichimba kaburi wao, wakapika wao, mimi sikushika hata kikombe. Naanza na hilo usije ukadhani nawachukia.

Shida ya kule ni maji. Chemchemi iko juu, pembeni ya msitu. Maji yake yanapita chini ya barabara kwenye kalavati, halafu yanatumbukia korongoni, mbali na nyumba zetu. Kiangazi unashuka na ndoo, unapanda na ndoo, ukifika nyumbani jua liko utosini na hata uji hujapika.

Mwaka 2009 wakaja watu wa mkongo. Tuliitwa mkutanoni, tukaelezwa kwamba kuna waya wa kioo, mwembamba kama unywele, umelazwa chini ya bahari kutoka nchi za mbali mpaka Dar es Salaam, na sasa utazikwa kandokando ya barabara mpaka kwetu, upite kwenda kwenye mahoteli ya watalii kule juu Kreta. Intaneti itakwenda mbio, vijana watapata kazi. Brigita, jirani yangu tunayepakana migomba, akasimama akauliza kama na maji nayo yatakuja na huo waya. Watu walicheka mpaka mwenyekiti wetu, Clemensi, akafuta machozi.

Vibarua wa kuchimba mtaro walitafutwa palepale, na wanawake wakachukuliwa. Anitha akaenda. Alikuwa anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, lakini amechangamka, ananieleza kila kitu kama vile mimi ndiye nitakayechimba kesho. Ndiyo nikajua kwamba mle mtaroni walilaza mabomba mawili meusi, yamelala pamoja kama mapacha. Moja linapitishwa waya. La pili linabaki tupu. Anitha alimuuliza msimamizi wao, Yohani, hili la pili ni la nini. Yohani akamwambia ni la akiba, siku moja utapita waya mwingine, pengine hata miaka kumi ijayo.

Natamani asingeuliza.

Kwetu Kibosho babu yake alikuwa fundi wa mfongo. Mfongo ni mfereji wa kuleta maji kutoka mlimani, na una sheria zake. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Siku mfongo ukibomoka, baragumu linapigwa na kila nyumba inayokunywa inatoka na jembe. Haulizwi mtu nani kabomoa. Asiyetoka, hanywi. Anitha alisimuliwa hayo tangu mdogo, na mimi ndiye niliyemsimulia, kwa sababu nilitaka ajue kwao.

Mtaro ukafukiwa, wale watu wakaondoka, kiangazi kikaingia. Anitha akaanza kutembea barabarani peke yake, anapanda, anashuka. Halafu akaniambia. Bomba tupu linaanzia kwenye chemba ya saruji karibu na kalavati, maji yalipo. Linatokea kwenye chemba nyingine chini ya kigango, kanisa letu dogo, watu walipo. Njia nzima ni mteremko. Nikamwambia hiyo ni mali ya watu, aiache. Akasema, basi atamuuliza mwenyekiti, na mwenyekiti akikataa ataacha.

Clemensi alikuja mwenyewe, akakunja suruali, akachungulia chemba zote mbili. Mimi nilikuwepo. Alicheka, akampiga Anitha begani.

"Bomba limelala tu. Fungua, mwanangu. Kijiji kizima kiko nyuma yako."

Akafungua. Aliunga kipande cha mpira kutoka kwenye maji mpaka kwenye mdomo wa bomba, akakifunga kwa ukanda wa tairi la ndani. Sisi wa chini tulisikia kwanza upepo unapumua bombani, halafu yakatoka matope, halafu maji. Clemensi alikinga viganja akanywa wa kwanza. Wazee wakaomba baraka kwa Kiiraqw, tukaitikia wote, na mimi niliitikia. Brigita alilia. Alisema mgongo wake umepona. Kiangazi chote kile watu walikuwa wakikutana pale chini ya kigango na ndoo zao, na yale maji wakayaita maji ya Anitha. Mimi mama yake nilipita kati yao nikijisikia mtu.

Ile miaka kumi haikufika. Mvua za vuli hazijaanza, mahoteli yakataka waya mwingine. Mafundi wakaja na kompresa ya kuusukuma waya ndani ya bomba la akiba, wakafungua chemba, wakarushiwa maji na matope mpaka kwenye kofia. Na kule juu maji yalikuwa yameshaingia kwenye maungio ya waya wa kwanza, mahoteli yakakosa mawasiliano. Yohani hakuhitaji kupeleleza. Alimkumbuka binti aliyemuuliza.

Polisi walimkuta Anitha anafua. Hakukana. Aliwaambia, nami nikasikia, "Nilifungua mimi. Tulikunywa wote." Hakusema hivyo kwa kuwachoma wenzake. Alisema kama mtu wa mfongo anavyosema.

Kabla ya kesi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sikuomba mchango wala wakili. Niliomba waje, wasimame, waseme tulikunywa wote, kwa maana hakimu hawezi kufunga kijiji. Clemensi aliniambia nikalale usingizi. Brigita alinipokea kwa "saita, mama Anitha," salamu ya kwao, akanikalisha, akaniwekea chai, akaniambia mpaka khanga atakayovaa.

Na kweli alikuja na khanga ile.

Clemensi aliitwa mbele kama shahidi. Akaulizwa nani alimruhusu huyu binti. Akasema hajui. Je, watu walikuwa wanachota maji pale? Hajui, yeye shughuli zake nyingi ziko Karatu mjini. Ndipo akaitwa Brigita. Akasema yeye anachota korongoni siku zote kama mama yake alivyochota.

"Hao ni watu wa kuja, mheshimiwa. Wana mambo yao ya mabomba. Sisi hatujui."

Waliobaki walikaa kwenye mabenchi wakiangalia miguu yao. Nilikuwa nageuka kila mlango ukilia, nikidhani labda wengine wako njiani. Anitha alimtazama Brigita, wala si kwa hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu sokoni, ukadhani unamfahamu, kumbe umemfananisha.

Alipewa miezi sita.

Chemba zimezibwa kwa zege, na lile bomba lililoingia maji wameliacha tupu. Mkongo unafanya kazi, na Clemensi amefungua chumba mjini, kina kompyuta na kibao cha "Intaneti Hapa". Sisi tunashuka korongoni. Anitha alirudi mwembamba, anajibu anachoulizwa tu. Brigita alinisalimia njiani kama vile hakuna kitu, nami nikaitika, maana tunapakana na nitafanyaje.

Sasa ni kiangazi tena. Wiki iliyopita walikuja nyumbani, Clemensi mbele, Brigita na kuku mkononi. Walikaa, wakasifu mahindi yangu, wakazunguka weee, mwisho wakafika. Bomba bado liko mle chini. Zege si kitu kwa mtu anayejua. Watoto wanachelewa shule kwa ajili ya maji.

Anitha aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Akauliza neno moja.

"Mtatoka?"

Clemensi akacheka, akauliza watoke waende wapi. Hakuna aliyemweleza. Anitha aliwasindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, na kuku wao akawarudishia. Nikamshukuru Mungu, nikajua amekoma.

Lakini jana nilimwona amesimama pale kigangoni. Watoto wa Brigita walikuwa wanapandisha ndoo kutoka korongoni, yule mdogo anapumzika kila hatua chache. Anitha aliwaangalia, halafu akainua macho akaufuata mteremko mpaka juu kwenye kalavati. Mimi ni mama yake, najua yale macho.

Niliwahi nyumbani kabla yake, nikachukua koleo nikaliingiza chini ya kitanda changu. Alipofika alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango linapokaa, akapapasa ukuta.

"Mama, koleo liko wapi?"

Nikamjibu, "Sijui."