Mkono Ndani ya Madgadi

Mkandarasi alishuka garini amefura. Gari lake, jipu refu linalokalia maputo ya mpira yaliyojazwa upepo badala ya springi za chuma, lilikuwa limeinama mbele kulia, tairi limemezwa nusu na madgadi, yale mabati ya kukinga matope.

"Watu wanasema nina jipu," alifoka. "Kweli ninalo, tena limeniota pabaya! Kompresa mpya ya kujaza upepo mmenifungia juzijuzi tu, leo nimelikuta limelala tena. Nani alilishika?"

Gereji ilikuwa na mafundi wawili: Mama Spana na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Tangu mazishi walikuwa hawasemezani ila kwa kurushiana maneno. Shemeji alidai gereji ni ya ukoo. Mama Spana, aliyeianzisha na mumewe chini ya turubai bovu, hakuwa na mpango wa kuhama.

"Muulize huyo," shemeji alisema, akimnyooshea kidevu. "Mimi yangu nilimaliza."

Uongo mkavu. Kompresa aliifunga yeye. Mama Spana alimwambia atafute kwanza upepo unapovujia, la sivyo kompresa itapuliza bila kupumzika mpaka iungue. Akajibiwa kwamba mwanamke wa kuja hawezi kumfundisha kazi.

"Ni puto la mbele kulia," Mama Spana alimwambia mkandarasi. "Nipe nafasi nikuonyeshe."

Alikoroga sabuni kwenye kopo, akapaka puto kwa brashi. Walisubiri. Hakuna kilichotoa povu. Akapaka maungio ya bomba, nayo hayakutoa povu.

Shemeji aliangua kicheko. "Bosi, umeona? Anaosha tu gari lako."

Mama Spana alirudi kwenye gari. Alijua puto likiwa limejikunja, ufa hujificha ndani ya mikunjo. Kompresa, iliyokuwa imezidiwa na joto, ilikuwa imepoa kidogo, ikakubali kufanya kazi. Akawasha injini, akakata usukani ili tairi ligeukie nje, akabonyeza kitufe cha kuinua. Gari likapanda taratibu, likinguruma tumboni. Alisukuma stendi za chuma chini ya chesisi, akaacha upenyo mdogo tu. Mumewe alimzoesha hivyo: gari la upepo haliaminiki hata likiwa limesimama.

Akapiga magoti, akapitisha mkono mzima kati ya tairi na madgadi, akapaka sabuni chini kabisa ya puto. Povu likaanza kuchemka.

"Njoo uone, bosi! Limepasuka kwenye mkunjo!"

Mlango wa dereva ukafungwa kwa kishindo. Kabla hajauliza ni nani, valvu zilipiga mluzi, upepo ukatoka fyuuu, na mwili wa gari ukamshukia. Chuma kikagonga stendi: paa! Madgadi yakasimama yakiwa yamebana mkono wa ovaroli, lakini si mfupa. Alijichomoa kwa nguvu, kitambaa kikachanika mpaka kwenye kiwiko.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye usukani, kidole bado kiko kwenye kitufe.

"Nilikuwa napima kama linashuka," alisema.

"Ulinipima mimi." Mama Spana aliufungua mlango wa dereva. "Shuka."

"Hii gereji ya kaka yangu, huwezi—"

"Shuka, bwana!" mkandarasi alinguruma. "Mimi nimekuona. Ulimchungulia kwanza, ndipo ukabonyeza."

Shemeji alishuka, akatema mate karibu na buti za Mama Spana, akatoka nje.

Mama Spana alikunywa maji. Alizima injini, akainua gari kwa jeki mpaka tairi likaning'inia, akalitoa. Akalegeza bomba kidogo kidogo mpaka upepo wote ulipotoka, akang'oa puto lililopasuka, akafunga jipya, akarudisha tairi. Kabla ya kushusha jeki alilijaza upepo kwanza, lisijikunje vibaya. Alasiri gari lilikuwa limesimama sawa, na kompresa ikanyamaza yenyewe.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, nasikia umemfukuza mdogo wako mbele ya wateja. Alikuwa anatania tu."

"Mama, heshima yako naijua, na nikikukosea nitapiga magoti. Lakini stendi zisingekuwepo, leo ungekuja kunilisha kwa kijiko. Huo utani wa wapi?"

Mama mkwe aliguna. "Mtoto wangu ni mtoto wangu."

"Basi mkae naye."

Alikata simu, akatafuta boksi, akamwekea shemeji spana zake zote bila kubakiza hata moja, akalitoa nje ya geti. Jioni shemeji alikuja kulichukua, akaondoka bila kumtazama. Siku hizi ana kibanda upande wa pili wa barabara, na huwaambia wateja kwamba shemeji yake ni mchawi.

Mama Spana hamjibu. Akitaka kuingiza mkono kwenye madgadi, huchomoa ufunguo wa gari kwanza, akautia mfukoni, kisha akatega sikio kidogo kama kuna mlango unaofungwa.