Mwananchi wa Kawaida Kakataa Kupiga Makofi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepelekwa chuo kikuu kama kifaa cha kufundishia. Wamenikalisha juu ya meza, kati ya darubini na fuvu la nyani, wakanivalisha kadi shingoni: MWANANCHI WA KAWAIDA.

Fuvu likasogea kunipisha. "Karibu, mzee," likasema. "Mimi huu mwaka wa kumi na tisa hapa. Chai hawaleti."

Mbele yetu wako wanafunzi arobaini wa biolojia. Mhadhiri wao, Dokta Rwegoshora, kavaa suti ya kijivu na viatu vinavyolia. Somo la siku hiyo ni namna ya kumweleza sayansi mtu asiyesoma, na namna ya kupata kazi ukishamweleza.

"Huyu," anasema, akinigusa goti kwa fimbo, "kaishia darasa la nne. Mke wake amefariki. Kazi yenu ni kumweleza kilichomuua. Akisema ameelewa, mmefaulu. Kila mtu dakika tatu."

Mwaka wa pili huu nauliza swali hilo hilo. Mke wangu Tusekile alipandikiza mpunga kwenye skimu yetu ya umwagiliaji tangu usichana wake, maji magotini, mgongo umepinda. Akafa tumbo limejaa kama mja mzito, anatapika damu kwenye beseni la kufulia. Hospitali wakanipa karatasi yenye neno refu kama treni ya mizigo. Nikauliza maana yake. "Mambo ya ini hayo, mzee," nesi akanijibu, akaita mwingine.

"Haya, nasikiliza," nikawaambia.

Akaja kijana mwenye tai. Akafungua mdomo, na neno la kwanza likadondoka sakafuni, tok! Jiwe.

"Kanuni ya kwanza!" Dokta akafoka. "Maneno magumu yote kwenye karai!"

Kijana akatema. Tok, tok, tok. Mengine yana ncha, yanamkwaruza ulimi. Karai likajaa, wakalibeba watu wawili wakihema.

"Wanayapeleka wapi?" nikauliza.

"Wizarani," fuvu likajibu. "Ndiyo wanayojengea."

Yalipokwisha kutoka, kijana hakubaki na kitu. Alifungua mdomo, ukatoka upepo.

"Umeelewa, mzee?" Dokta ananiuliza.

Kichwa changu kikaitikia chenyewe. Nikakishika kwa mikono miwili. Kimezoea, hakina adabu. Ukiishi miaka sitini chini ya mabwana shamba, madiwani na madaktari, kichwa kinakuwa kama cha mjusi wa ukutani: kinaitikia hata pasipo swali.

"Sijaelewa," nikasema.

Darasa zima likaguna. Dokta akapekua kitabu chake mwanzo hadi mwisho. Jibu hilo halimo.

"Kanuni ya pili," akasema kwa unyonge. "Anzeni na kitu anachokijua msikilizaji."

Hapo hapo maji yakaingia chini ya mlango. Sasa ukumbi ni jaruba letu la mpunga, madawati ni matuta. Dokta kakunja suruali, anatazama juu kama anayesubiri radi. Kutoka majini akapanda konokono, mdogo kama punje ya harage, kavaa beji ya mgeni rasmi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Jirani yako. Nakaa mfereji wa tatu, pale kwenye lango la maji. Mkeo alikuwa ananikanyaga kila msimu."

"Kumbe wewe ndiye uliyemuua!"

"Mimi mwenye nyumba tu. Wapangaji wananiingia bila hodi, jua likichoma wanatoka kutafuta ngozi ya mtu. Hata mimi wananitafuna." Akanyoosha pembe zake. "Wakubwa wenu wanajua. Walikuja na magari matatu, wakanichota kwenye chupa, wakaandika ripoti. Ikasomwa ofisi ya skimu, siku ya mkutano. Wewe ulikaa safu ya pili. Mzee, mbona ulipiga makofi?"

Nikakosa pa kuficha uso, kwa sababu ni kweli. Msomi alisimama siku ile akatuonyesha picha ukutani, mstari mwekundu unapanda kama ngazi. Maneno niliyoyashika ni manne: asanteni kwa ushirikiano wenu. Mwenyekiti wa skimu akasema mgeni apigiwe makofi, tukapiga, pa, pa, pa. Tusekile alikuwa ubavuni kwangu. Yeye alipiga na vigelegele. Walimsomea kifo chake hadharani, na yeye akawashangilia.

"Kanuni ya tatu!" Dokta akapiga kelele. "Jiuzeni!"

Jaruba limekuwa mnada. Wanafunzi wanapanda mmoja mmoja kwenye mizani ya mpunga. Mnunuzi ni Mwajiri, bwana mkubwa mwenye bahasha ya kaki badala ya kichwa. Ukimkaribia unasikia karatasi zinakwaruzana ndani.

Kwenye mizani kuna binti mwembamba, miguu ina tope. Anaitwa Felista.

"Uzoefu miaka mitano unao?" Mwajiri anauliza.

"Nina miaka ishirini na miwili tu, bosi."

"Ulikuwa unangoja nini? Haya, unajua kueleza nini?"

"Kichocho."

"Achana nacho. Sisi tunauza sabuni. Utaeleza sabuni." Akamshika mguu.

"Binti!" nikaita mpaka meza ikatikisika. "Usiende! Zamu yako hujaifanya!"

Felista akajikwanyua, akaruka majini, akaja mpaka mezani kwangu.

"Nina muda gani?"

"Imebaki dakika moja," likasema fuvu.

Akachuchumaa, akaniangalia usoni. Hakuna aliyewahi kuniangalia usoni kwenye jambo hili.

"Baba, mama aliumwa kichocho. Si kile cha kukojoa damu, ni cha tumbo. Vijidudu vinatoka kwa konokono, vinapenya ngozi hata isiyo na kidonda. Mwilini vinakuwa minyoo, inakaa kwenye damu miaka na miaka, inataga. Mayai yananasa kwenye ini. Ini likawa gumu, damu ikakosa njia, ikapasua pa kutokea."

"Kwa hiyo kosa lake?"

"Hana kosa. Alipanda mpunga."

"Dawa ilikuwepo?"

Akatazama maji. "Ipo, baba. Kama angepewa mapema, ni vidonge vya kumeza siku moja. Vinagawiwa shuleni."

"Na sisi watu wazima tunaingia maji gani, ya kopo?"

"Fomu imeandikwa watoto."

Dokta akaja mbio na fomu ya matokeo, mwenyekiti wa skimu nyuma yake, sijui katokea wapi. "Umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa."

Wakarukaruka. Mwenyekiti akanyoosha mikono. "Haya, mzee wetu, tuwapigie makofi wataalamu!"

"Nimeelewa," nikasema, "ndiyo maana sipigi. Mlijua maji yanaua. Mkajua kwa lugha yenu, mkanyamaza kwa lugha yetu."

"Mzee, usituharibie matokeo," Dokta akaninong'oneza. "Pa moja tu."

Nikaikalia mikono yangu. Kichwa kinataka kuitikia, shingo nimeikaza mpaka inauma. Hawapati hata pa moja.

Mwajiri amemshika tena Felista, sasa miguu yote miwili, anamvuta. Binti akauchomoa mkono wangu wa kulia, akaushika. "Baba, nani mwingine yuko majini?" anauliza. "Nitajie, haraka!"

Nikafungua mdomo nimtaje. Nikaamka.

Jua limeshaingia dirishani. Binti yangu kasimama mlangoni, kajifunga kanga ya shamba, fungu la miche ya mpunga liko begani.

"Baba, leo umelala kama mwenye mshahara," akasema. "Chai iko jikoni. Mimi nawahi jaruba." Halafu akainama. "Ee! Nani kakuandika mkononi?"

Nikatazama. Kwenye mkono wangu wa kulia, kwa wino wa bluu, kuna mwandiko mdogo wa mtu aliyesoma: *Anyesi. Apimwe leo.*

Nyumba hii haina kalamu. Na kule ndotoni jina la mwanangu sikuwahi kulitamka.

"Anyesi," nikamwambia, "shusha hiyo miche."