Video Mbichi ya Kukhu Teresa

Kadi ya kwanza haikuingia. Khaemba aliigeuza upande huu na upande ule, akalifungua kasha la kompyuta hadi likabaki mifupa mitupu, lakini kadi ile ya grafiki ilikuwa pana kupita nafasi iliyokuwapo, mithili ya kitanda kinachopitishwa dirishani. Beverlyne alikuwa amesimama nyuma yake ndani ya kibanda cha ufundi, mjini Kakamega, akiitazama bisibisi ikirudishwa mezani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Si nilikwambia, Bevu?" Khaemba alisema bila kugeuka. "Hii mashini yako ni ya ofisi. Ilinunuliwa huko ng'ambo ya kuandikia barua, imekonda kama mwalimu wa mazoezi. Na hiyo kadi ni ya kijana wa gemu aliyeshiba."

Kweli alikuwa amemwambia. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Beverlyne alikuja kumwomba ushauri, naye Khaemba, kijana wa Malava aliyekwisha kuzifufua kompyuta za nusu ya wanafunzi wa chuo, alimweleza mambo mawili. La kwanza, ikiwa ni lazima anunue kadi, basi atafute fupi, isiyodai waya wake wenyewe wa umeme, kwa kuwa kasha lake lilikuwa jembamba na umeme wa ndani haba. La pili, na hili alilisema akijikuna kidevu, huenda hakuhitaji kadi kabisa. Angeweza kuiagiza kompyuta itengeneze nakala nyepesi za video zake, azikate na kuziunga hizo nyepesi, kisha mwishoni aiache irudie kazi yote kwa video halisi wakati yeye yuko darasani. Ingeichukua siku nzima kutoa dakika ishirini, lakini ingefika.

Beverlyne alilipokea shauri hilo la pili kama bibi harusi anayeambiwa aazime viatu. Alishukuru kwa upole, akatoka, na baada ya siku chache akanunua kadi kubwa iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu wa mtandaoni aliyemhakikishia kwamba ingeimeza video yoyote ile bila kutafuna.

Haikuwa tamaa ya makuu. Ingekuwa tamaa, pengine majuto yake baadaye yangekuwa mepesi. Mwezi wa Januari, wakati wa likizo, alikuwa amemrekodi nyanya yake, Kukhu Teresa, akifinyanga chungu nyumbani kwake Ilesi. Alimrekodi kwa simu siku tatu mfululizo: udongo ukitwangwa, ukikandwa, ukiviringwa na kupandishwa pindi juu ya pindi hadi tumbo la chungu likajaa. Kukhu Teresa alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, na vyungu vyake vilikuwa jikoni mwa watu asiowajua, hadi Lumakanda na Likuyani. Lakini macho yake yalikuwa yakififia. Ni presha ya macho, daktari alisema. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, ila kilichokwisha kupotea hakingerudi, na kilichosalia kilikuwa cha kuhesabiwa kwa miezi.

Kukhu hakulia. Alimwambia mjukuu wake jambo ambalo Beverlyne hakuwa amelitarajia.

"Mimi nikifanya kazi naangalianga chungu tu," alisema. "Mikono sijawahi kuiona. Miaka yote hii watu wananiambia, Teresa, wewe una mikono. Na mimi siijui. Hiyo video yako nataka niione kabla sijafungwa madirisha."

Beverlyne aliahidi kwamba kufikia Pasaka ingekuwa tayari.

Alikuwa akisomea mawasiliano, mwaka wa tatu, na aliyaamini aliyofundishwa kwa moyo wake wote. Alikuwa ameona jinsi watu wa vijijini wanavyopigwa picha hovyo, kamera ikitikisika, nyuso zikiwa gizani, kana kwamba umaskini wa mtu ni ruhusa ya kumkosea adabu. Yeye alikuwa amekula yamini kwamba nyanya yake asingeonyeshwa hivyo. Mikono ile ingeonekana kwa uangavu uleule wanaopewa wanamuziki na marais. Kwa hiyo alirekodi kwa kiwango cha juu kabisa ambacho simu yake ilikimudu, na aliporudi chumbani kwake mjini na kuzifungua video hizo katika kompyuta, picha zilikwama. Sauti ilikwenda mbele, mkono wa Kukhu ukabaki umening'inia hewani, kisha ukaruka hatua nne kwa mpigo. Hapo ndipo alipoanza kutafuta kadi.

Pasaka ilifika kadi kubwa ikiwa imelala ndani ya boksi lake, haina kazi. Beverlyne alikwenda Ilesi na mkate na sukari, na samahani nyingi. Kukhu Teresa alikuwa ameketi barazani, akiutafuta upande mzuri wa mwanga kwa kuinamisha kichwa, kama kuku anayechungulia punje.

"Si iko kwenye simu?" aliuliza. "Nionyeshe hivyo hivyo."

"Kukhu, ile ni mbichi. Haijakatwa, haijapangwa. Kuna mahali natembea na kamera inaangalia miguu ya meza."

"Hata miguu ya meza nitaangalia."

Beverlyne alicheka, akamshika bega. Alimweleza kwa subira kwamba hangeweza kumwandalia mgeni chakula kisichoiva, na kwamba yeye Kukhu alikuwa zaidi ya mgeni. Simu ilikuwa mfukoni mwa sketi yake wakati wote huo. Kukhu Teresa akauliza habari za mitihani.

Yaliyofuata yalikula wiki nyingi kuliko alivyodhani. Muuzaji wa mtandaoni aliacha kupokea simu, ikabidi Beverlyne amtafute kijana wa gemu aliyeshiba wa kuinunua kadi ile kubwa, naye alipatikana Mei. Sasa alitaka asikosee tena. Alifungua daftari, akapanga kadi fupi kwa majina, memori zake, umeme zinaokula, na aina za video zinazoweza kuzifungua bila kuhema. Moja ilikuwa nafuu lakini memori yake ilikuwa gigabaiti mbili tu, nayo video yake ingeijaza kabla ya dakika ya kwanza. Nyingine ilikuwa nzuri, ila ilihitaji kompyuta mpya kuliko yake. Ya tatu ilimpendeza, na kila alipokaribia kuinunua, alisoma maoni ya mtu fulani mahali fulani aliyejuta. Khaemba alimwambia mara moja, kwa mzaha uliokuwa na mwiba, kwamba watu huoa kwa uchunguzi mdogo kuliko huo. Beverlyne alimjibu kwamba ndiyo maana huachana.

Mwezi wa Juni shangazi yake Selpher, aliyeishi na Kukhu, alimpigia simu. Alisema macho yamezidi, kwamba Kukhu alikuwa amemimina chai nje ya kikombe na kujifanya amekusudia. Akauliza, kwa niaba ya Kukhu, kama video ile ya simu ingeweza kutumwa tu, yeye Selpher angemwekea karibu na uso. Beverlyne aliyasikia maneno hayo yote. Lakini aliyasikia kama mtu anayehimizwa kukimbia, si kama mtu anayeambiwa simama. Alimwomba shangazi wiki mbili. Asubuhi yake alikwenda kuinunua ile kadi ya tatu.

Iliingia. Khaemba aliisukuma kwa kidole gumba, ikalia "tak", na kompyuta ikaamka. Beverlyne hakuwahi kufurahia kitu kama alivyofurahia kuuona mkono wa nyanya yake ukishuka juu ya udongo bila kukwama. Alikata, akaunga, akang'arisha kahawia ya udongo hadi ikakaribia kunukia mvua. Palikuwa na kelele nyingi katika video mbichi: majogoo, pikipiki, Kukhu akipiga chafya, yeye mwenyewe akiuliza maswali ya kitoto. Aliziondoa sauti zote, akatandika juu yake muziki wa kinanda, mwororo, wa kupakua bure. Wiki mbili zikawa tano. Ilipokwisha, ilikuwa dakika kumi na nane, na ilikuwa nzuri. Hata Khaemba, asiyesifu ovyo, aliitazama hadi mwisho akiwa amesahau simu ya mteja sikioni.

Alifika Ilesi mwezi wa Agosti, saa kumi za alasiri, na kompyuta ya mkononi aliyoazima kwa ajili ya siku hiyo. Kukhu Teresa alimjua kwa hatua zake. Alimwita jina kabla hajavuka ua, na Beverlyne akafurahi, akadhani ameonwa. Kisha akamwona Kukhu akinyoosha mkono kumsalimia, na mkono ukaelekea palipokuwa na nguzo.

Selpher alimtazama mpwa wake, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni wiki ya tatu sasa haoni. Unabaki mwanga tu, alisema, anajua mlango uko wapi.

"Umeileta?" Kukhu aliuliza. "Basi weka. Usikae hapo unavuta makamasi."

Beverlyne aliiweka kompyuta juu ya stuli, akabonyeza. Kinanda kilianza. Katika kioo mikono miwili ilishuka juu ya udongo, kila mkunjo wa ngozi ukionekana, na Kukhu Teresa aliinua uso akisikiliza, akitabasamu kwa adabu kama mtu aliye kanisani kwa wengine. Dakika moja ikapita, kisha ya pili.

"Huyu anayepiga kinanda ni nani?"

"Ni muziki tu, Kukhu. Wa kusindikiza."

"Ni mzuri." Akangoja tena. "Na mimi niko wapi?"

Beverlyne aliitazama mikono katika kioo. Alikuwa amemtoa. Chafya, pumzi, udongo ukipigwa kwenye ubao, kila kitu ambacho masikio ya mwanamke huyu yangekishika, alikuwa amekitoa kwa mkono wake mwenyewe ili kazi ipendeze. Aliusimamisha muziki. Mikono katika kioo ikasimama pia.

Alitoa simu mfukoni. Video mbichi zilikuwa bado humo, zote, miezi saba sasa, kwa sababu hakuwa amethubutu kuzifuta. Aliifungua ya kwanza, akaongeza sauti hadi mwisho, akaiweka kwenye mapaja ya nyanya yake.

Pah, udongo ulisema. Pah. Pah. Jogoo akawika katikati.

"Hapo nakanda," alisema Kukhu Teresa papo hapo, na mwili wake wote ukasogea mbele. "Ule udongo ulikuwa na mawe. Sikia." Walisikia. Alizitambua kazi zote moja baada ya nyingine: gunzi la mahindi likikwaruza ubavu wa chungu, kipande cha kibuyu kikilainisha tumbo kwa ndani. Alicheka chafya yake. Alimcheka Beverlyne aliyekuwa akiuliza, katika simu, kwa nini chungu hakianguki. Selpher naye alicheka, akaenda jikoni upesi.

Kisha pakawa kimya. Video iliendelea, lakini haikutoa sauti yoyote ila upepo.

"Hapo nafanya nini?"

"Unalainisha mdomo wa chungu," Beverlyne alisema. "Kwa ile ngozi, umeilowesha."

"Kwa mkono gani?"

Ilimbidi ainame atazame. Alikuwa ameihariri sehemu hiyo wiki nzima, akiipima rangi na mwanga, lakini hilo hakuwa amelitazama. "Wa kushoto, Kukhu. Wa kulia umeshika chungu kwa chini, unakizungusha."

"Wa kushoto?" Kukhu Teresa aliinua mikono yake yote miwili mapajani, akaigeuza mbele ya uso, taratibu, kama anayepima nazi sokoni. "Mimi nimewafundisha wasichana kumi na mbili kwamba mdomo ni mkono wa kulia. Wakishindwa nawachapa vidole." Akaishusha. "Masikini. Kumbe walikuwa wananiangalia mimi, wanafanya vile nafanya, na mimi nawachapa."

Beverlyne alisema kwamba angaliweza kumwonyesha siku ya Pasaka. Kwamba ilikuwa mfukoni. Kwamba ilikuwa mfukoni siku ile, na siku zote.

"Najua," alisema Kukhu. "Niliisikia ikilia, mtu alikuwa anakupigia." Hakulisema kwa ukali. Aliipapasa simu mapajani hadi akaupata ukingo wake, akamrudishia mjukuu wake. "Rudisha nyuma hapo kwa mkono wa kushoto. Niambie vidole vimekaaje. Kimoja kimoja, usiruke."

Beverlyne aliirudisha. Alifuta macho kwa mgongo wa kiganja ili aone vizuri, akaanza na kidole gumba.