Uji wa Mtoto Asiyekuwepo

Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni ya wasichana, mwaka 1956, nilimkuta mama amenenepa mpaka mlango wetu katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, unampitisha kwa shida. Hedhi ilikuwa imekoma, alitokwa jasho katika baridi ya Julai, na ngazi chache tu zilimwacha akihema. Baraza la majirani likakata shauri: ni mimba. Kila asubuhi Milcah wa nyumba ya pili alileta uji wa siagi.

"Kunywa, Mama Nafula. Mko wawili."

Daktari alimpima, akatikisa kichwa. "Hakuna mtoto. Umri wa kuzaa umepita. Lakini moyo umelemewa. Acha mafuta na sukari."

Mama alirudi ameduwaa. "Nafula, sasa nilikuwa nikimlisha nani?"

Mimi, mshindi wa tuzo ya somo la afya, nikaificha sukari chini ya kitanda.

Hodi! Milcah na bakuli lake.

"Mwambie nimelala," mama alinong'ona, mkono kifuani. "Nikiuona tu, nitaunywa."

Nikaupokea kwa unyenyekevu wa shemasi, nikaumaliza papo hapo mlangoni. Milcah akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu.

"Ala! Na wewe pia?"